Mvua ya Mtani

1

Jumatano saa nne asubuhi maputo ya Bodi ya Mawingu yalipita juu ya Irunda yakiswaga mawingu kama ng'ombe wa mnada. Mawingu yenyewe meusi, yamejaa, yanatembea kwa maringo. Halikudondoka hata tone. Hayakuwa ya kwetu. Yalikuwa yanaenda kungoja kilimani hadi kesho yake, zamu ya Ntewa, kata ya jirani.

Dada yangu Perpetua alikuwa katikati ya shamba lake la alizeti, jembe begani, anayatukana.

"Piteni tu! Matumbo hayo mmejaza nini, makande?"

Nikacheka. Na yeye akacheka, ila kidogo.

"Sirili, njoo ushike hili."

Akanishikisha jani la alizeti. Shamba zima ndo kwanza lilikuwa linachanua, maua ya njano mpaka macho yanauma, lakini chini yake majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Zina siku ngapi hizi?"

"Nne. Tano nikizisalia rozari."

"Zamu yetu ni baada ya siku kumi na mbili."

"Najua kuhesabu, we mtoto."

Irunda tuna sheria moja haina huruma. Ardhi yenye haki ya mvua ni chache, kwa hiyo shamba likikosa mavuno misimu miwili mfululizo, kamati inalichukua na kumpa mwingine. Msimu uliopita Perpetua alikosa, panya walimaliza kila kitu. Akikosa tena, shamba linaondoka, na nyumba iko humo humo shambani.

"Mtuma mvua si wewe?" akasema, akanipiga bega na mkono wake wenye udongo. "Tuma basi."

Alikuwa anatania. Mimi ndo nililichukua neno likanikaa.

2

Ofisi ya mtuma mvua ni kontena la bluu nyuma ya zahanati. Kuna feni moja, kompyuta moja na kiti kilichovunjika mgongo. Kazi hii niliipata kwa sababu kompyuta iliharibika, mimi peke yangu nikaweza kuitengeneza, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Vyeti hawakuniuliza. Wangeuliza ningewaonyesha ripoti ya kidato cha pili, tungecheka wote.

Kazi yenyewe ni hii: siku ya zamu yako ikikaribia, unatuma anwani moja kwa Bodi, na maputo yanaleta mvua. Anwani yetu huwa hivi:

mvua.bodi/shusha?kata=irunda&zamu=14&milimita=20

Kabla ya alama ya kuuliza ni kichwa, kinasema unagonga mlango gani. Baada yake ni mkia, na mkia ndo maneno yenyewe. Kila neno lina jina na jibu lake, na maneno yanaungwa kwa ile alama ya na. Basi. Kuna watu wamekaa chuo miaka mitatu kujifunza kitu ambacho ukimwonyesha muuza vitumbua anaelewa kabla mafuta hayajachemka.

Kuna neno moja la ziada, jaribu=ndiyo. Ukilichomeka kwenye mkia, Bodi inakujibu ingefanya nini, lakini haifanyi.

Zamu zote ziko wazi, kila kata imebandikiwa orodha ukutani. Ntewa ilikuwa zamu ya tisa, Alhamisi saa tisa mchana. Nilitaka kuona tu. Naapa, kuona tu. Nikachukua anwani yetu, nikatoa 14 nikaweka 9, nikachomeka jaribu, nikatuma.

Jibu likarudi: SAWA. IRUNDA. ALHAMISI SAA TISA. MILIMITA 20.

Nikasimama. Nikakaa. Nikatuma tena, jibu lile lile. Mashine ya Bodi ilikuwa inaangalia kama zamu ya tisa ipo, ikaona ipo. Ikaangalia kama kata ya Irunda ipo, ikaona ipo. Kama hiyo zamu ni ya hiyo kata, haikuuliza mtu. Ni kama mlinzi anayekagua kwamba umevaa viatu, hajali viatu ni vya nani.

Sasa elewa kitu kimoja. Irunda na Ntewa ni watani. Wao wakifiwa, sisi ndo tunaoruka kaburini na kulala mle mpaka tupewe chochote ndo tutoke. Sisi tukioa, wao wanakuja kula wali wa bwana harusi mbele ya macho yake. Mtu wa Ntewa akipita kwangu akaona kuku, anamchukua, na mimi ninacheka. Ila ana sharti: lazima aache unyoya mlangoni. Ukichukua ukaacha unyoya, huo ni utani. Usipoacha, wewe ni mwizi kama wezi wengine.

Nikajiambia, mvua ni kuku mkubwa tu.

Nikaandika kiprogramu cha mistari mitano. Sikuwa na haja nacho, ningeweza kubadilisha kwa mkono, lakini mkono wenye haraka unakosea herufi.

mkia = soma(anwani)
mkia.weka("zamu", "9")
mkia.ondoa("jaribu")
mkia.ongeza("unyoya", "Kuku wenu mtamu")
tuma(kichwa + "?" + mkia)

Weka inafuta kilichokuwepo, inaweka kipya. Ondoa unajua. Ongeza haifuti kitu, inabandika nyuma tu. Na kwa kuwa anwani haipokei nafasi kati ya maneno, unyoya wangu uliondoka umevaa hivi: unyoya=Kuku%20wenu%20mtamu. Bodi haijui neno unyoya, kwa hiyo haikulijali. Lakini Bodi inatunza kila anwani kama ilivyo, na nakala inaenda kwa mwenye zamu. Nilijua hilo. Ndo maana ya unyoya.

Nikaenda kwa Perpetua nikiwa nakimbia.

"Kesho saa tisa inanyesha!"

"Nani kasema?"

"Bodi. Wametuongezea zamu."

Akanikamata kiunoni akanibeba juu, mimi na kilo zangu sabini, akanizungusha katikati ya alizeti huku anapiga vigelegele. Jirani akatoka kuuliza nani kazaa. Uongo wangu ulikuwa na utamu, nikauacha ukae.

3

Alhamisi saa mbili asubuhi simu ya ofisi ikalia. Hidaya, mtuma mvua wa Ntewa. Uso wake sikuwahi kuuona. Miaka miwili tulikuwa tunatukanana kwa simu kila Jumatatu wakati wa kulinganisha orodha za zamu, na ndo ilikuwa saa yangu nzuri ya wiki.

"Haloo, mla panya."

"Nakusikia, miguu ya kuazima."

"Nimeona unyoya wako."

"Eti mtamu?"

Akacheka. Akacheka kweli, mpaka akakohoa. "Aisee, hiyo nimeipenda. Mababu zetu wamechukuliana kuku, mbuzi, mpaka mlango, mlango mzima jamani, hakuna aliyewahi kuchukua mvua! Bibi Msengi nimemsomea, kacheka mpaka kaomba maji." Akavuta pumzi. "Haya. Rudisha."

"Kuku akishaingia chunguni harudi."

"Sirili."

Hajawahi kuniita jina langu. Nikakaa vizuri kwenye kile kiti kibovu.

"Lambo letu limebaki tope," akasema. "Jana ndama kazama mpaka shingo, tumemvuta kwa kamba watu tisa. Ng'ombe wanalamba magogo. Hii zamu tumeingoja kama mwezi wa Idi. We mtani wangu, chukua unachotaka. Lakini mtani hachukui kuku wa mwisho. Nyumbani kwenu hawakukufundisha?"

Walinifundisha. Ni kitu cha kwanza unachofundishwa: ukikuta kuku mmoja bandani, unageuka, unatukana tu unaondoka. Mimi sikuchungulia banda. Niliona namba ukutani nikadhani nimeona banda.

"Sikujua," nikasema.

"Sasa unajua."

Akakata. Hakutishia kunishitaki Bodi. Angetishia ningepata pa kukasirikia.

Ukutani saa ilisema mbili na dakika kumi. Mwisho wa kubadilisha ni saa sita. Zamu ikishatumwa, ni kompyuta iliyoituma tu inayoweza kuibadilisha; ikituma tena kabla ya hapo, anwani ya mwisho ndo inashika. Ikipita saa sita, hata mkubwa wa Bodi hawezi. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa nyepesi sana: nikae. Nikae tu kwenye kiti mpaka saa sita na dakika moja, halafu niseme nilichelewa. Alizeti zipone, Perpetua abaki na shamba, na mimi nibaki na jambo la kumeza peke yangu.

Nilikaa dakika ishirini. Nilizihesabu. Halafu nikaenda shambani.

Perpetua alikuwa anachimba vijitaro vya kuelekeza maji, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kwanza na ya pili yeye mwenyewe. Nikamwambia yote, harakaharaka, kama mtu anayebandua plasta.

Akaacha kuimba. Akaegemea jembe.

"Kumbe Bodi hawajatuongezea."

"Hapana."

"Na mimi nimemwambia kila mtu mpaka katekista." Akafuta jasho. "Rudisha."

"Na shamba?"

"Shamba ni la nani?"

"Lako."

"Basi anayelipoteza ni mimi, na anayesema ni mimi. Nitakaa kwenye nyumba iliyookolewa kwa ng'ombe wa watu kufa kiu? Nitalala vipi humo, Sirili? Rudisha." Halafu akanitazama, na mdomo wake ukaanza kucheza, kile kicheko chake kinachotokea pasipotakiwa. "Lakini umeniweza. Mvua! Umeiba mvua! Baba angekuchapa, halafu angeenda kilabuni kujisifu."

"Natuma sasa hivi."

"Utume kutoka wapi, kwenye kontena? Mtani akikamatwa harudishi kuku kwa simu. Anambeba mwenyewe, anampeleka mpaka mlangoni, anatukanwa, ndo anasamehewa. Kimbia. Na uoge miguu, wasije wakasema Irunda hatuna maji."

"Hatuna maji."

"Wasijue."

4

Ntewa ni ng'ambo ya kilima, saa moja na nusu kwa pikipiki. Nilifunga kompyuta mgongoni kwa kanga ya Perpetua kama mtoto. Nilipofika lamboni watu walishajaa, habari imenitangulia.

"Kuku kaja!" mtu akapiga kelele.

"Mbona kembamba? Hata mchuzi hautatosha!"

"Mfungeni miguu, huyo anataga!"

Binti mrefu mwenye shati la Bodi lililokatwa mikono akatoka katikati yao. Miguu haikuwa ya kuazima hata kidogo.

"Ndo wewe?" akasema Hidaya. "Kwa sauti ile nilitegemea mtu mkubwa."

Akanipeleka kwa Bibi Msengi, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatafuna karanga mbichi. Bibi huyu ndo mwenye neno la mwisho kuhusu utani pale Ntewa, na ulimi wake unajulikana mpaka kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwizi. Umeleta kuku?"

"Nimemleta. Hai."

"Ulimtaka wa nini?"

Nikamwambia habari za alizeti, sheria ya kamati na siku nne. Sikupamba. Akatafuna karanga zake mpaka zikaisha.

"Anayerudisha kuku hai," akasema, "hupewa paja. Hidaya, mvua inakatika vipande?"

Tukatazamana mimi na Hidaya. Swali hilo hakuna mtu alikuwa ameuliza.

Tukafungua kompyuta juu ya ndoo nyingine, watu wametuzunguka wanatupumulia shingoni. Anwani mbili hazisaidii, zamu ni moja na ya mwisho ndo inashika. Lakini anwani moja yenye kata mbili?

"Huwezi kuandika neno moja mara mbili," Hidaya akasema.

"Kwa weka huwezi, weka inafuta la kwanza. Kwa ongeza unaweza."

Nikaandika:

mvua.bodi/shusha?kata=ntewa&kata=irunda&zamu=9&milimita=20&jaribu=ndiyo

Jibu: SAWA. NTEWA. MILIMITA 20.

"Imesoma la kwanza tu," akasema Hidaya.

"Mlango ndo umesoma la kwanza tu. Maputo yana kisomaji chao. Labda yanasoma yote."

"Labda?"

"Maputo hayajaribiki. Ukiyauliza, yanakuja."

Akafikiri, anang'ata kucha. "Yakisoma yote, yatashusha ishirini kwetu halafu ishirini kwenu?"

Nilitamani iwe hivyo, sifichi. "Labda kila mtu anapata nzima."

"Hiyo ishirini ya pili inatoka wapi?"

"Kwenye mawingu ya zamu ya kumi."

"Zamu ya kumi ni watani wetu?"

"Hapana."

"Basi huo ni wizi mtupu, na unyoya utamwachia nani?" Akagonga skrini. "Weka kumi. Kumi na kumi, ndo ishirini yetu."

"Subiri," nikasema. "Sikilizeni wote. Tukiweka kumi, na maputo yasome kata ya kwanza tu, Ntewa mnapata kumi na nyingine inabaki angani. Mnapoteza nusu bure. Mkiniambia nirudishe yenu kama ilivyokuwa, mna ishirini kamili, hakuna labda."

Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia akasema ishirini ni ishirini, ng'ombe hawanywi labda. Wengine wakamuunga mkono, na sikuwalaumu. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nikamuuliza Hidaya, "Kumi inatosha ng'ombe?"

"Wiki mbili. Tukiwa na akili, tatu. Na alizeti?"

"Zitafika zamu yetu."

Wote tukamgeukia Bibi Msengi. Akatikisa maganda ya karanga kutoka kwenye kanga yake.

"Huyu kijana angekaa kimya kwao mpaka saa sita, tungemfanya nini? Kaja. Paja halipimwi kwa mizani. Weka kumi, mnapoteza muda."

Yule mzee wa fimbo akasonya, halafu akasema sawa, ila mvua isipofika Irunda basi mimi mwizi nitakunywa tope la lambo kwa kikombe. Nikasema hewala.

Saa tano na dakika arobaini na moja, Hidaya akabonyeza kutuma. Ilikuwa zamu yao, kidole kilipaswa kuwa chao.

5

Nilimpigia Perpetua nikamweleza habari za kumi na kumi, halafu tulipokuwa tunangoja wakanilisha ugali na mlenda, na kila tonge lilikuja na tusi lake. Hidaya akakaa karibu yangu.

"Lile tundu la Bodi utalisema?"

Nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Nikilisema, litazibwa, na wataniuliza nililijuaje. Kontena la bluu huenda likapata mtu mwenye vyeti. Nisiposema, lipo.

"Nitalisema," nikamwambia. "Jana kaliona mtani, kaacha unyoya. Kesho ataliona mtu asiye na unyoya."

"Wakikufukuza?"

"Nitakuja kuchunga ndama wenu, naona mnawazamisha."

Akanipiga kofi la mgongo, mlenda ukanipalia. Tukaandika barua palepale. Tukaeleza tundu liko wapi, lizibwe vipi, na kwamba neno lililorudiwa huenda linasomwa tofauti mlangoni na kwenye maputo. Nikaweka jina langu. Yeye bila kuulizwa akaweka la kwake chini yangu, akasema siwezi kupata sifa peke yangu.

Saa tisa kamili maputo yakatokea juu ya kilima, meupe, yamepanga mstari, mawingu mbele yao yanasukumana. Yakasimama juu ya lambo. Upepo ukabadilika harufu. Tone la kwanza likampiga yule mzee wa fimbo katikati ya upara, na kabla hajainua mkono kujifuta, dunia nzima ikamwagika.

Ng'ombe waliingia majini na watu waliingia majini. Mama mmoja alikuwa anacheza na ndoo kichwani, anaijaza na kuimwaga, anaijaza na kuimwaga. Mimi nilisimama na simu sikioni chini ya bati.

"Dada, vipi huko?"

"Kukavu," akasema Perpetua. "Jua linanitazama."

Mvua ikapiga. Ikapiga. Kipimo cha Hidaya kikasema milimita sita, nane, tisa. Kumi. Ikakatika ghafla kama mtu kafunga bomba. Maputo yakabaki juu yetu, hayaendi mbele wala nyuma.

"Yamesoma la kwanza tu," akasema Hidaya taratibu.

Yule mzee wa fimbo akaenda kutafuta kikombe. Naapa, akakipata, cha bati, akaanza kukijaza tope.

Halafu puto la mbele likageuza pua. La pili likageuka. Yote yakageuka, yakaanza kuswaga mawingu yaliyobaki kurudi kilimani, kuelekea kwetu.

"Dada! Toka nje!"

"Niko nje! Niko nje tangu saa nane!"

Dakika zikapita. Nilikuwa nimeziba sikio jingine kwa kidole. Nikasikia upepo kwenye simu, nikasikia kitu kama maharage yanamwagwa kwenye sinia, halafu nikamsikia dada yangu akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Ukelele ukageuka kicheko, kicheko kikageuka kwaya, sauti ya kwanza na ya pili. Halafu simu ikaingia maji ikafa.

Nilivyogeuka sijui uso wangu ulikuwaje, kwa maana Ntewa nzima ililipuka. Mzee akamwaga tope lake. Hidaya alikuwa ananitikisa mabega anapiga kelele, "Yanasoma yote! Yanasoma yote!"

"Tulieni!" Bibi Msengi akasimama kutoka kwenye ndoo yake, kalowa mpaka kwenye mifupa, anacheka kwa fizi. "Kuku karudi, paja limeliwa. Sasa mwizi alipe. Mtani aliyeiba akakamatwa anafanywa nini?"

"Anabeba!" watu wote wakaitikia.

"Anambeba nani?"

"Mkubwa kuliko wote!"

Akanijia amenyoosha mikono, nikachuchumaa, akapanda mgongoni kwangu kama anapanda kitanda chake. Lambo la Ntewa kulizunguka ni hatua mia tatu, na kila hatua ni utelezi. Nyuma yangu walikuwa wanaimba, pembeni Hidaya anahesabu hatua kwa sauti na kunidanganya hesabu makusudi, na mgongoni Bibi ananipiga visigino vya mbavu akisema Irunda siku hizi wanafuga punda wazuri.

Nilianguka mara mbili kwenye tope. Mara zote mbili yeye alibaki juu.